Chachu Iliyokataa Kufa

Kila mama anayeoka mkate anajua chachu. Ni kitu kidogo, lakini imewafundisha wenye elimu jambo kubwa. Leo twataka kuwasimulia habari hiyo tangu mwanzo.

Ndani ya kila chembe ya chachu, kama vile ndani ya chembe za mwili wetu, mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Mwaka 1938 Hermann Muller alizipa ncha za nyuzi hizo jina la telomeri. Kazi yao ni nini? Tazameni kamba: ncha isipofungwa fundo, kamba hufumuka. Telomeri ndiyo fundo lile. Lakini kila chembe inapojigawa, ncha hupungua kidogo. Zikiisha, chembe haijigawi tena.

Mwaka 1984, huko California, Carol Greider na Elizabeth Blackburn waliona kitu kinachorefusha ncha hizo katika kiumbe kidogo cha majini. Kitu hicho chaitwa telomerasi. Mwaka 2009 wao na Jack Szostak walipewa tuzo ya Nobel.

Je, chembe ikikosa telomerasi? Mwaka 1989 Victoria Lundblad na Szostak walieleza habari ya chachu yenye kasoro: ncha zake zilipungua kizazi kwa kizazi, mwishowe chembe zikafa. Tungedhani habari imekwisha. Sivyo! Mwaka 1993 Lundblad na Blackburn walionyesha kwamba chembe chache sana huokoka.

Kwa njia gani? Kila chembe ina mafundi wa kutengeneza uzi uliokatika. Fundi mkuu wa kazi hii hutoka katika jeni iitwayo RAD52. Akikosekana, waliookoka hawaonekani. Ncha iliyofupika hushikamana na uzi mwingine unaofanana nayo, kisha maandishi ya uzi ule hunakiliwa mpaka mwisho. Hivyo ncha yarefuka tena. Lakini kunakili huku si kama kule kwa kawaida. Ni kama karani anayenakili barua gizani: kazi yamalizika, ila makosa ni mengi, na pengine vipande vya nyuzi mbalimbali huchanganyika.

Yatuhusu nini sisi? Mwaka 1995, huko Sydney katika Australia, Tracy Bryan, Roger Reddel na wenzao walitangaza kwamba hata chembe za binadamu zaweza kudumisha ncha zao bila telomerasi. Kansa nyingi hutumia telomerasi ili zisife. Lakini katika kansa 100, kadiri ya 10 mpaka 15 hushika njia hii nyingine. Nyingine ni kansa za mifupa na za ubongo. Dawa ya kuzuia telomerasi haiwezi kuzishinda hizo, maana telomerasi hazina.

Basi tusiidharau kazi ya mtu anayechungulia chachu siku nzima. Aliyefunga mlango mmoja tu hajamzuia mwizi. Yampasa kwanza kuijua nyumba yote. Chachu ndiyo iliyotuonyesha mlango wa pili.