Wahedi wa Sitini: Historia Iliyomo Mkononi



Kamati ya mkutano wetu imenitaka niandike machache juu ya mambo ya kale yetu. Wenzangu wameshazieleza nasaba na safari za majahazi. Mimi nimechagua jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni mchezo wa karata tuuitao wahedi wa sitini. Nimelichagua kwa kuwa ndani yake imo historia ambayo wazee wetu hawakutuachia katika kitabu. Waliihifadhi kwa kucheza, na siku tutakapoacha kucheza, ndipo itakapotupotea.

Mwaka jana kijana wetu mmoja, mzaliwa wa hapa Maskati, aliniuliza swali la maana. Amezoea kucheza karata katika simu yake, na humo malkia humshinda kijana wake. Iweje basi kwetu sisi mzungu wa tatu, ambaye ndiye huyo kijana, amle mzungu wa pili, ambaye ndiye malkia? Na kwa nini mfalme mzima aitwe mzungu wa nne tu?

Jawabu limo katika hesabu, na hesabu hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Nitaeleza kama tulivyocheza barazani kwetu Unguja, nikijua kwamba kila mtaa una taratibu zake. Katika karata 52 huondolewa nane, tisa na kumi zote, zikabaki 40. Karata kubwa ni ree, yenye alama moja, nayo huhesabiwa 11. Inayofuata ni seti, yaani saba, ambayo huhesabiwa 10. Kisha mzungu wa nne huhesabiwa 4, mzungu wa tatu 3, na mzungu wa pili 2. Basi majina ya wazungu hawa ni hesabu zao. Zilizobaki, tangu mbili hata sita, ni magarasa, hazina kitu. Jumlisheni mtaona kila aina ina 30, na aina zote nne zina 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo mwenye kushinda hana budi kufikisha 61. Kwa Kiarabu ndiyo wahid wa sittin, na hilo ndilo jina la mchezo.

Wachezaji ni wanne, wawili wawili, kila mtu akimkabili mwenzake. Karata huchangwa, kila mmoja hugaiwa tatu, kisha hufunuliwa moja ambayo aina yake ndiyo turufu, ikawekwa chini ya fungu. Kila mtu hutupa karata moja, na mwenye kubwa ya aina iliyotangulia hula zote, ila ikitoka turufu, basi turufu ndiyo yenye kula. Aliyekula huokota kwanza kutoka kwenye fungu, wenziwe wakafuata, na yeye ndiye anayeanza tena.

Hapa ndipo penye utamu wake. Mtu halazimiki kufuata aina iliyotupwa, kwa hiyo aweza kuificha turufu yake hata dakika ya mwisho, na uso wake ukawa ndio silaha yake. Marehemu mjomba wangu kila alipookota ree ya turufu alianza kulalamika mgongo. Tulipoizoea hila hiyo, akawa analalamika mgongo hata akiwa na magarasa matupu, nasi tukawa hatujui tena tushike lipi. Tena haikuwekwa hata senti moja, kwani kamari haikuruhusiwa nyumbani kwetu. Aliyeshindwa aliinuka mkekani kuwapisha wengine, na aibu hiyo ilitosha.

Sasa natuyatazame majina. Karata kwa Kireno ni carta. Turufu ni trunfo, na seti ni sete, yaani saba. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Na pau ni paus, magongo. Ree yatokana na rei, neno lenye maana ya mfalme. Kwa hiyo mfalme wa Kireno alinyang'anywa jina lake akapewa mwenye alama moja, naye akabaki mzungu wa nne. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza 1593. Na ngome hiyo ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa tangu 1696. Wareno waliondoka, lakini maneno yao yalibaki, kama yalivyobaki meza, bendera na leso.

Lakini kisa hakianzi kwa Wareno. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za zama za Mamluki wa Misri, nazo zina aina nne: vikombe, dinari, panga na fimbo za polo. Karata ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370, na mji wa Florence ulikuwa umekwisha kuzipiga marufuku mwaka 1377. Wahispania waliziita naipes, neno ambalo wataalamu wengi hulirudisha kwenye naib la Kiarabu, maana miongoni mwa karata za Mamluki wamo mfalme na manaibu wake. Ndiyo sababu tunasema pau, yaani magongo, hali picha tuionayo leo ni ya jani: jina limetunza ile fimbo ya polo ambayo mchoro umekwisha kuisahau. Mali ya Waarabu ilikwenda Ulaya, ikarudi pwani yetu kwa majina ya Kireno, nasi tukaupa mchezo wetu jina la hesabu ya Kiarabu.

Na hapa tulipo napo pana fungu lake katika kisa hiki. Wareno waliitwaa Maskati mwaka 1507, wakatolewa na Imamu Sultan bin Saif mwaka 1650. Nilipohamia hapa mwaka 1986 na kuajiriwa wizarani, nilikuta wenzangu wengi waliorejea kutoka Afrika Mashariki baada ya mwaka 1970. Aliyekulia Mombasa na aliyekulia Pemba walibishana juu ya kila jambo, lakini walipokaa mkekani wote walisema kopa, uru, shupaza na pau. Jirani zetu wasiopata kuishi Afrika waliziita karata janjafa, neno lenye asili ya Kiajemi.

Wengi wa wenzangu hao wametangulia mbele ya haki. Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, tulikaa watatu tukimngoja wa nne, na wa nne hakupatikana. Vijana walikuwapo chumba cha pili, lakini hapana aliyejua kuhesabu. Maneno haya yamo katika kamusi, alhamdulillahi, lakini kamusi haiwezi kumfahamisha mtoto kwa nini wa tatu amle wa pili. Hilo hulijua mkono uliokwisha kuhesabu hata sitini na moja.

Kwa hiyo naiomba kamati itandike mkeka siku ya pili ya mkutano, baada ya sala ya alasiri, na kila mzee acheze pamoja na kijana mmoja. Karata nitakuja nazo mimi, nane, tisa na kumi nikiwa nimekwisha kuziondoa.

Wabillahi tawfiq.