Mapenzi na Kimya katika Historia ya Tungo za Federico García Lorca

Mnamo Machi 1984, gazeti la ABC la Madrid lilichapisha soneti 11 za Federico García Lorca, karibu miaka 48 baada ya mshairi huyo kuuawa karibu na Granada na waasi waliomuunga mkono Franco. Kwa mujibu wa sahibu yake, mshairi Vicente Aleixandre, Lorca alizikusudia ziitwe soneti za mapenzi ya giza. Gazeti liliziita soneti za mapenzi tu. Kuondolewa kwa neno hilo moja ni kielelezo cha jinsi Lorca alivyosomwa kwa muda mrefu.

Maisha yake ya mapenzi hayakuwa siri kwa wendani wake. Alivutiwa mno na mchoraji Salvador Dalí, aliyekutana naye Residencia de Estudiantes, Madrid. Baadaye alimpenda mchongaji Emilio Aladrén, kisha Rafael Rodríguez Rapún, katibu wa La Barraca, kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Rapún alifariki mwaka wa 1937 akiipigania Jamhuri.

Kimya kilichofuata kilikuwa na wahusika wengi. Lorca mwenyewe alitahadhari: utungo wake wa kumsifu Walt Whitman ulitolewa Meksiko mwaka wa 1933, nakala 50 pekee. Isitoshe, utungo huo unamtukuza Whitman huku ukiwashutumu vikali mashoga wa mijini. Hivyo hauwezi kusomwa kama tamko sahili la utambulisho. Tamthilia ya El público, aliyoiandika mwaka wa 1930, haikuchapishwa kikamilifu hadi baada ya kifo cha Franco mwaka wa 1975. Familia nayo ilizihifadhi soneti hadi toleo la siri, lisilo na jina la mhariri, liliposambazwa mwaka wa 1983.

Wapo wahakiki wanaolihusisha giza la soneti hizo na usiku wa roho katika ushairi wa San Juan de la Cruz. Uhusiano huo una mashiko, ila haufuti ule mwingine: mapenzi baina ya wanaume ambayo jamii ilikataa kuyataja. Aghalabu usomaji wa kwanza umetumiwa kuuziba wa pili. Mhakiki anayeutenga ushairi huu na maisha ya mtunzi, kwa kisingizio cha kutetea sanaa, huenda anaendeleza kazi iliyoanzishwa na waliolifuta neno.