Tumbaku ya Wazee Wetu

Asili ya tumbaku ni Amerika, nayo ilienea Afrika baada ya safari za Wareno. Lakini wazee wetu waliifanya yao kabisa, hata Wakikuyu wakaiita mbaki.

Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo zilisiwa kwanza kitaluni, kisha miche ikahamishiwa penye samadi. Maua yalikatwa ili nguvu irudi majanini. Majani yalipogeuka manjano yalichumwa, yakatungikwa kivulini au juu ya meko, yakakauka polepole. Mwenye haraka aliyeyaanika juani yalimkauka yangali na rangi ya kijani. Ugoro ulisagwa kwa jiwe pamoja na magadi, ambayo ndiyo yaliyoutia ukali. Na mzee alipofungua pembe yake barazani, wenzake wote walionja.

Kilimo cha mkataba kilipoanza mwaka 1975, jani likawa la mnunuzi: yeye ndiye aliyepanga daraja na bei, nasi tukakata miti kulikausha.

Hatuusifu ugoro, maana huleta saratani ya kinywa. Wenzetu wenye miche michache nyuma ya nyumba wasiwatume watoto kuchuma majani yenye umande, kwa kuwa sumu yake hupenya ngozi.