Damu ya Kasuku

Mwaka 1930 homa ya kasuku ilipoua watu Marekani, Rais Hoover alipiga marufuku kuingiza ndege hao nchini. Wako waliowaua kasuku wao kwa hofu tu, bila kuwapima.

Siku hizi damu hupimwa. Kasuku wetu wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo tunayemfuga huku ughaibuni, ana gramu 400 hivi. Daktari humtoa damu kwenye mshipa wa kulia wa shingo, asizidishe mililita 4. Ndege huyu huficha ugonjwa mpaka siku ya kuanguka (domo lote lile, hili halisemi!). Akilishwa alizeti tupu kwa miaka, hupungukiwa na kalsiamu, akatetemeka kama mwenye kifafa. Kipimo hufichua upungufu huo, na dawa ipo.