Aliyeviona Vita vya Gombe

Sisi wa Kalinzi tunaishi milimani, upande wa mgongoni mwa Hifadhi ya Gombe. Wageni huliendea lile pori kwa boti ya Ziwa Tanganyika kutoka Kibirizi na kuliona kwanza kutokea majini. Sisi tunalijua kutokea juu, kule inakoishia migomba na mibuni yetu. Ndiyo maana inaniuma historia ya Gombe inaposimuliwa kana kwamba pale palikuwa na msichana mmoja wa Kiingereza na sokwe wake, basi.

Jane Goodall alishuka ufukweni tarehe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake, Vanne, na mpishi, Dominic Bandora. Wakoloni hawakukubali akae porini peke yake. Katika miezi ile ya mwanzo waliopanda naye mabonde ni Adolf Siwezi na Rashidi Kikwale. Goodall hakuwa na shahada hata moja. Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu aliyemtuma, alilijua hilo na akalipenda: alitaka mtu ambaye akili yake haijafungwa na nadharia za vyuoni. Cambridge walimpokea mwaka 1962 moja kwa moja kwa masomo ya uzamivu. Alistahili, na kazi yake imethibitisha.

Sasa tumtazame Hilali Matama, mkuu wa wasaidizi wa utafiti pale Gombe. Tarehe 7 Januari 1974 alikuwa akilifuata kundi la sokwe wanane wa jamii ya Kasakela waliokuwa wakielekea kusini, kwenye eneo la wenzao wa jamii ya Kahama. Jamii hizo mbili zilikuwa moja kabla ya kugawanyika. Walitembea kimyakimya, jambo lisilo la kawaida kwa sokwe wengi kiasi hicho. Wakamkuta Godi, dume wa Kahama, akila peke yake mtini. Alipowaona akaruka na kukimbia. Humphrey, dume wa Kasakela, akamdaka mguu, akamwangusha na kumlalia, na wengine wakampiga na kumng'ata kwa takriban dakika 10. Walipomwachia, Godi aliinuka taratibu, majeraha yakiwa mwili mzima. Hakuonekana tena.

Hakuna mtafiti aliyewahi kushuhudia tukio la namna hiyo kabla ya siku ile. Kufikia mwaka 1978 jamii ya Kahama ilikuwa imekwisha, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya juu ya asili ya vita. Kuona kwenyewe si kazi ndogo. Anayefuata sokwe hupanda makorongo ya Gombe kwa mikono na magoti. Lazima amtambue kila mnyama kwa sura, hata akiwa amempa mgongo katikati ya majani, ajue nani alimpisha nani jana, kisha aandike bila kupoteza mfuatano. Hilali aliwajua wote waliokuwamo katika ugomvi ule. Asingewajua, yangebaki maandishi ya kelele tu.

Tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka vijana wanne waliokuwa wakifanya utafiti Gombe. Waliachiwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa na Goodall mwenyewe akawa anafika kwa siku chache. Kituo hakikufungwa. Wanaume wa vijiji vya mwambao na milimani waliendelea kutoka alfajiri wawili wawili, wakimfuata sokwe mmoja kutoka kiota hadi kiota. Mmoja aliandika matukio, mwingine aliweka alama ya njia kwenye ramani kila baada ya dakika 15. Waliandika kwa Kiswahili, na madaftari hayo yalipopelekwa Marekani, Minnesota kisha Chuo Kikuu cha Duke, ilibidi yatafsiriwe ndipo wasomi wa huko wayatumie. Kitabu kikubwa cha Goodall cha mwaka 1986 kimesimama juu ya kazi hiyo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kukosa shahada kwa binti wa Kizungu kulihesabiwa kuwa uwazi wa akili. Kukosa shahada kwa Mwafrika aliyekaa na sokwe hao miaka mingi kulitosha kumfanya abaki msaidizi, macho na miguu ya kukodi, hata siku alipoona kitu ambacho hakuna profesa aliyekiona. Tofauti yao haikuwa elimu. Ilikuwa rangi, na yale mazoea ya kudhani kwamba Mwafrika hubeba na kuonyesha njia, lakini kufikiri ni kazi ya mwingine.

Mazoea hayo ni ya kale katika mwambao huu. Pale Ujiji kuna kumbukumbu ya Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871. Livingstone alipofariki mwaka 1873, wahudumu wake Abdullah Susi na James Chuma waliukausha mwili wake wakausafirisha miezi mingi hadi Bagamoyo. Njiani, Unyanyembe, Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza aliwashauri wamzike palepale. Walikataa. Ule ulikuwa uamuzi wa viongozi wa msafara, waliopima hatari na kushika neno lao mbele ya ofisa wa Malkia. Mazishi yalifanyika London tarehe 18 Aprili 1874 bila wao. Ni Jacob Wainwright tu, kati ya wenzao, aliyekuwapo. Jiwe la kaburi linasifu mikono miaminifu iliyouleta mwili, wala halitaji jina la mwenye mikono hiyo. Wamesifiwa uaminifu, uongozi wao ukaachwa.

Nimtendee haki Goodall: yeye aliwataja wasaidizi wake. Makala ya mwaka 1979 kuhusu mapambano ya jamii za sokwe wa Gombe ina majina ya Bandora (si yule mpishi), Matama na Mpongo miongoni mwa waandishi. Waliowaacha ni wasimuliaji waliofuata. Alipofariki Oktoba 2025, katika tanzia nilizosoma sikuliona jina la Hilali hata mara moja.

Mwaka 2010 Mtanzania, Deus Mjungu, alipata shahada ya uzamivu Minnesota kwa utafiti juu ya ushindani wa jamii mbili jirani za sokwe wa Gombe, Mitumba na Kasakela. Kisha akarudi kusimamia ufuatiliaji wa sokwe palepale. Swali alilolifanyia kazi lilifunguliwa na Hilali mwaka 1974, na watoto wetu wa shule za Kalinzi wanapaswa kufundishwa hivyo, kwa majina yote mawili.