Mbio Tatu za Justify

Tarehe 18 Februari 2018, farasi wa miaka mitatu aitwaye Justify alishindana kwa mara ya kwanza, katika uwanja wa Santa Anita, California. Alimwacha wa pili kwa urefu wa farasi tisa na nusu. Siku 76 baadaye alisimama Kentucky Derby akiwa na mbio tatu tu maishani.

Mbio tatu zinatosha kumjua farasi? Waliosema hapana walishika historia: tangu Apollo, mwaka 1882, hakuna aliyeshinda Derby bila kushindana akiwa na miaka miwili. Wakaiita laana ya Apollo.

Nasoma uzamili wa historia, na neno hilo laana hunikera. Miaka 136 inatisha ukiitamka. Lakini farasi wengi hushindana wakiwa na miaka miwili. Waliofika Derby bila kufanya hivyo ni wachache, na baadhi walikaribia sana. Curlin alikuwa wa tatu mwaka 2007, kisha akashinda Preakness wiki mbili baadaye. Bodemeister alikuwa wa pili mwaka 2012.

Mimi ningeangalia zile mbio zenyewe. Kila mara umbali uliongezeka: mita 1,400 hivi, kisha 1,600, kisha 1,800. Za pili zilikuwa kwenye tope. Za tatu, Santa Anita Derby ya 7 Aprili, ndizo zilizokuwa na uzito, kwa sababu hapo alimshinda Bolt d'Oro, farasi aliyekwisha kujijengea jina. Siku ya Kentucky mvua ilinyesha kutwa. Justify alishinda, na wa pili akawa Good Magic, mtoto wa Curlin yuleyule. Juni alikamilisha Mataji Matatu, akastaafu bila kushindwa hata mara moja.

Ningeishia hapo, kama si Septemba 2019. Gazeti la New York Times liliandika kwamba vipimo vya baada ya Santa Anita Derby vilikuta skopolamini, dawa iliyokatazwa. Bodi ya mbio ya California ilikuwa imeifunga kesi faraghani, kwa maelezo kwamba ilitokana na gugu la mnanaha lililochanganyika na malisho.

Huenda ni kweli. Ila mbio mbili za mwanzo hazikuwa na pointi za kufuzu hata moja. Bila pointi za siku ile, Justify asingeingia Derby kabisa.