Tasbihi za Sauti Nane

Anayetaka kuutaja muziki wa Salamone Rossi kwa Kiswahili hukimbilia kusema “muziki wa kwaya wa liturujia ya Kiyahudi”. Si kosa. Lakini kwaya na liturujia ni maneno tuliyoyapokea kupitia kanisa, na Rossi alitunga muziki huu kwa ajili ya sinagogi. Naamini Kiswahili kina maneno yaliyo karibu zaidi.

Rossi alikuwa Myahudi wa Mantova, Italia, mpiga fidla katika jumba la watawala wa ukoo wa Gonzaga. Kitabu chake cha nyimbo 33 za Kiebrania kilichapwa Venice mwaka wa Kiyahudi 5383, yaani kati ya 1622 na 1623. Anwani yake ina mchezo mtamu: Nyimbo za Sulemani. Sulemani ni mfalme anayehusishwa na Wimbo Ulio Bora. Sulemani ni Salamone mwenyewe pia.

Nisomapo ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho, nakutana na maneno ya Kiebrania yaliyo jamaa za maneno yetu. Hokhma ni ndugu ya hekima tuliyoipata kwa Waarabu. Kwetu hekima ni busara. Pale ni elimu yenye kanuni, elimu ya kupanga sauti. Mizmorim ni zaburi, na mzizi wake ndio uliozaa pia zumari. Tishbahot, nyimbo za sifa, haina haja ya mkalimani: ni tasbihi. Kolot ni sauti, kuanzia tatu hadi nane, na mzizi wake umetufikia kama kauli. Hili la mwisho nisingelichukua. Kauli imeshajifunga na usemi, na waimbaji wetu wanagawana sauti, hawagawani kauli. Lakini tasbihi naishika kwa mikono miwili. “Tasbihi za sauti nyingi” inatamkika, na inasema wazi kwamba huku ni kuabudu.

Neno hili lingemfaa Leone Modena, rabi aliyekisahihisha kitabu. Mwaka 1605, huko Ferrara, palizuka ubishi: je, ni halali kuimba sala kwa sauti zilizopangwa kwa elimu, ilhali Wayahudi wanaomboleza Hekalu lililobomolewa mwaka 70? Modena alijibu kuwa ni halali, na jibu lake likachapwa mbele ya nyimbo za Rossi. Kilichobishaniwa kilikuwa ile hokhma, ufundi wenyewe kuingia ndani ya sala.

Uchapaji nao ulikuwa na mtihani wake. Nota huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kiebrania huenda kinyume, kama Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nota zikabaki na njia yake, kila neno likabaki na njia yake, na mwimbaji akaachiwa kazi ya kuvipatanisha.

Mwaka 1630 majeshi yaliiteka na kuipora Mantova, na mtaa wa Wayahudi ukaangamizwa. Habari za Rossi zinakoma karibu na wakati huo. Aliyezirudisha nyingi za tasbihi hizi chapani, Paris, mnamo 1877, ni Samuel Naumbourg, hazani. Neno hilo, la mwimbishaji wa sala katika sinagogi, ningeliacha lilivyo: “mwalimu wa kwaya” hasimami mbele ya watu kuwaombea.